Kupindua bodi ya gitaa kwenye CNC: kosa liko kwenye kona, mashine haina hatia

Msomaji ameuliza: "Shikamoo fundi. Tuna mashine ndogo ya CNC (inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta) tunayochongea nakshi za milango na vichwa vya vitanda. Nimejaribu gitaa la umeme mfano wa Stratocaster, ubao wa mninga wa vipande viwili vilivyogundishwa. Mbele ilitoka safi. Nilipopindua nikachonga nyuma, chumba cha tremolo (chuma cha kuyumbisha sauti) kilipishana na tundu lake la mbele kama milimita moja na nusu, na ukingo wa bodi (kiwiliwili cha gitaa) una ngazi: upande wa shingo ndogo, upande wa makalio kubwa. Sifuri (mahali mashine inapoanzia kupima) naweka kona ya chini kushoto, mbele na nyuma. Nilipohamisha sifuri, ngazi ya upande mmoja ilipungua na ya upande wa pili ikaongezeka. Mashine ni mbovu? Ninunue nyingine?"

Marahaba, kijana wangu. Weka pesa yako mfukoni. Mashine inayotoa nakshi safi ya mlango inaweza kutoa bodi ya gitaa, na katika dalili ulizotaja sioni ugonjwa wa mashine. Ninachoona ni mazoea ya kazi ya milango yaliyohamia kwenye gitaa. Mlango ukichongwa pande mbili, nani atainama kuangalia kama ua la mbele limekaa sawasawa juu ya ua la nyuma? Stratocaster haikusamehi hivyo, kwa sababu ina mahali ambapo mbele na nyuma hukutana ndani ya ubao: tundu la tremolo. Mbele ni mfereji mwembamba, nyuma ni chumba kipana cha springi, na vyote viwili ni njia ya kipande kimoja cha chuma kinachotakiwa kuyumba bila kugusa popote.

Tuanze na kona yako. Unapoupindua ubao kwa kuuzungusha kwenye urefu wake, ile kona iliyokuwa chini kushoto inakwenda juu kushoto. Kwa hiyo kona unayoigusa mara ya pili, ingawa ipo chini kushoto ya meza, ni kona nyingine kabisa ya ubao, yenye ukingo mwingine. Mara ya kwanza umeipima bodi kutoka ukingo mmoja, mara ya pili umeipima kutoka ukingo wa pili, na kilichounganisha vipimo hivyo viwili ni imani yako kwamba upana wa ubao ni ule ulioandika kwenye kompyuta. Nenda kapime mabaki ya ule ubao. Kama kwenye mchoro uliandika 350 na ubao halisi una 348.5, umeipata milimita moja na nusu yako yote. Pima sehemu mbili, karibu na shingo na karibu na makalio. Ikiwa upande wa shingo una 349.6 na wa makalio 348.5, umepata na ile ngazi inayokua njiani: kingo za ubao hazikuwa sambamba, kwa hiyo uliponyoosha ukingo wa pili na mashine, bodi nzima ilizunguka kidogo. Ndiyo maana kuhamisha sifuri hakukusaidia. Kuhamisha kunaponya ubao uliosogea, hakuponyi ubao uliozunguka. Unapotibu kichwa unaumiza miguu.

Kuna watakaokwambia uache kona, uweke sifuri katikati ya ubao kwa kupima na futi. Hilo nalo lina mtego wake. Tuseme umekosea katikati kwa nusu milimita kuelekea upande wako. Mbele inachongwa ikiwa imesogea nusu milimita kuelekea kwako. Unapindua, unapima vilevile, nyuma nayo inasogea nusu milimita kuelekea kwako, lakini kwenye ubao "kwako" ya sasa ni "ukutani" ya mwanzo. Kosa la nusu linaonekana kama milimita nzima. Kila kosa la mhimili wa kupindulia hujizidisha mara mbili, na kinyume chake ni kweli pia: ukiona ngazi ya milimita moja iliyo sawa kuanzia shingo hadi makalio, hamisha nusu milimita tu. Nimeona mafundi wakihamisha milimita nzima, kosa likageuka upande wa pili, wakaanza kulaumu mota.

Ninachotaka ufanye ni kuacha kabisa kuutafuta ubao. Mashine yenyewe itengeneze mhimili wa kupindulia, ubao uufuate.

Funga MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) juu ya meza. Mimi huiita ubao wa kafara, maana ndiyo inayokatwa ili meza ipone. Urefu wa gitaa uende na mhimili wa X, na mstari wa kati wa bodi, ule unaopita katikati ya shingo na katikati ya daraja (pale nyuzi zinapokaa juu ya bodi), uwe ndiyo Y sifuri. Kabla hujaweka mninga, toboa kwenye MDF matundu mawili ya milimita 6, kina cha milimita 12, yote mawili yakiwa juu ya Y sifuri. Moja liwe nje kidogo ya makalio ya bodi, jingine nje ya upande wa shingo, yaani kwenye mabaki. Yaachanishe kadiri ubao unavyoruhusu; kwenye ubao wa milimita 500 mimi huweka 460 kati yake. Baada ya hapo sifuri ya X na Y haiguswi tena mpaka gitaa litoke.

Sasa laza ubao juu ya matundu hayo, uso wa nyuma ukitazama juu, uufunge kwa skrubu nne kwenye pembe ambako biti haitafika. Iamuru mashine itoboe matundu yaleyale, X zilezile, Y sifuri ileile, safari hii kwenye uso wa mninga, kina cha milimita 15. Chonga kazi zote za nyuma. Fungua skrubu, pulizia vumbi, chomeka pini mbili kwenye MDF, kisha geuza ubao kama mtu anayejigeuza kitandani: kichwa kinabaki kwenye mto, miguu inabaki miguuni, tumbo ndilo linalokwenda chini. Matundu ya ubao yanameza pini. Funga skrubu, endelea na mbele.

Angalia uzuri wake. Ubao unaweza kuwa umekaa upande mara ya kwanza, unaweza kuwa na kingo zilizokatwa kwa msumeno wa mkono, unaweza kuwa na upana wowote, na hakuna kinachoharibika, kwa sababu hakuna kilichopimwa kutoka kwenye ukingo. Mashine ilitoboa Y sifuri kwenye meza na Y sifuri kwenye ubao, kwa hiyo mhimili wa kupindulia ndio Y sifuri, upende usipende. Na kwa kuwa unapindulia kwenye X, thamani za X hazibadiliki kabisa. Huhitaji matundu hayo yawe na umbali sawa kutoka popote. Ungepindulia upande wa pili, kichwa kikaenda miguuni, ingebidi matundu yalingane kulia na kushoto, na kosa lolote lingeangukia urefu wa gitaa. Mstari wa kati ndio roho ya gitaa, ndiyo maana nauweka juu ya pini.

Wengine hutoboa tundu moja kupita ubao mzima mpaka kwenye meza. Ni sawa kimahesabu, ila bodi ya Stratocaster ina unene wa karibu milimita 44.5, na ukiongeza kina cha meza unahitaji biti inayofika karibu 57. Biti ya kawaida ya milimita 6 haina urefu huo, na ile ndefu hutikisika. Tundu fupi pande zote mbili linamaliza ugomvi, na faida nyingine ni kwamba pini ya chuma haifiki juu ya ubao ambako biti yako inaweza kuikuta. Biti ikigonga pini ya chuma kwa mizunguko 18,000 kwa dakika, hutaki uwe umesimama mbele yake.

Pini zenyewe zisikusumbue. Usitumie vijiti vya mbao vya dukani. Havina uduara wa kuaminika na vikinyonya unyevu vinavimba. Tafuta biti za kutobolea chuma za milimita 6 zilizokatika, zile unazotaka kutupa, ukate ile sehemu laini isiyo na mikunjo. Chuma chake kimesagwa vizuri na kipimo chake hupungua sita kamili kwa sehemu chache tu za mia za milimita. Kata urefu wa milimita 25: kumi na mbili ndani ya meza, kumi na tatu ndani ya ubao wenye tundu la 15, ili pini isiguse mwisho wa tundu na kuunyanyua ubao. Sugua ncha kwa tupa ziwe butu.

Matundu usiyachimbe kwa kushusha biti ya milimita 6 wima. Ikiwa koleti yako (kishikio cha biti) ina mtikisiko kidogo tundu litatoka kubwa, na pini inayocheza ni sawa na kutokuwa na pini. Tumia biti ya milimita 4, uzungushe kwa mtindo wa konokono hadi kufikia kipenyo unachotaka. Fanya majaribio kwenye mabaki ya mninga na mabaki ya MDF kila kimoja peke yake, kwa sababu havitoi kipimo kimoja. Unatafuta pini inayoingia kwa kusukumwa na kidole gumba na kutoka kwa kuvutwa na koleo. Ukihitaji nyundo, imebana mno. Utaisogeza MDF yenyewe. Lainisha mdomo wa tundu kwa biti kubwa ya mkono ili nyuzi za mbao zilizosimama zisiuzuie ubao kukaa. Punje moja ya vumbi gumu chini ya ubao inatosha kukunyanyulia kona kwa theluthi ya milimita, nawe utamaliza siku ukitafuta kosa kwenye programu.

Hilo linanileta kwenye kimo. Wengi huweka sifuri ya Z juu ya ubao, wanapindua, wanaweka tena juu ya ubao. Ubao ambao mchoro unaudhani una 44.5 ukiwa na 44.0, sakafu ya chumba cha nyaya inabaki nyembamba kuliko ulivyopanga, na siku moja unaibonyeza kwa kidole ukakuta umeshika karatasi. Weka sifuri ya Z kwenye uso wa MDF, pande zote mbili. Anza na ubao mnene kidogo, milimita 46 au 47, uliopigwa randa upande utakaolala mezani. Sawazisha nyuma kwa mashine, pindua, sawazisha mbele mpaka ufike 44.5 juu ya meza. Unene sasa umetengenezwa na mashine, haukusomwa kwenye risiti ya duka la mbao.

Kwenye programu ya njia za biti, upande wa pili unahitaji mchoro ulioakisiwa juu ya mhimili uleule wa X. Programu nyingi zinalifanya hilo zenyewe ukichagua kazi ya pande mbili, nyingine inabidi uziamuru. Balaa hutokea ukiakisi mara mbili, mara moja kwenye mchoro na mara moja kwenye programu. Utapata nusu ya gitaa la mkono wa kulia na nusu la mkono wa kushoto. Jimi Hendrix alipiga Stratocaster ya mkono wa kulia akiwa ameigeuza, lakini lake lilikuwa moja pande zote mbili. Andika kwa penseli kwenye ubao NYUMA, chora mshale wa shingo, na kabla ya kukata chochote kwenye uso wa pili, izungushe biti hewani milimita kumi juu ya ubao ufuate umbo lote kwa macho.

Ukishafanya haya, kuna kosa moja la mashine linaloweza kubaki, na lina sura yake. Ikiwa gantri (fremu inayobeba biti na kutembea juu ya reli) haiko pembe mraba na reli, mstari wa kati utaoana vizuri kabisa lakini mbawa za bodi zitapishana: upande mmoja mbele imetangulia kuelekea shingo, upande wa pili imebaki nyuma. Kwenye mlango kosa hilo halionekani kwa sababu hakuna anayelinganisha mbele na nyuma. Ukipindua, mshazari wa mbele na wa nyuma vinaelekeana, na kosa linakuwa mara mbili. Lipime hivi: toboa vidoto vinne kwenye MDF, pembe za mstatili wa milimita 400 kwa 300. Kila mshazari unatakiwa uwe 500 kamili. Ikiwa mmoja ni 500.3 na mwingine 499.7, tofauti ni 0.6, na kwenye ukingo wa bodi, milimita 160 kutoka katikati, utaona ngazi ya karibu 0.4. Guni ya fundi seremala haitoshi kukuonyesha kosa dogo hivyo, mshazari unakuonyesha. Legeza upande mmoja wa gantri, sukuma, kaza, toboa tena. Mashine ndogo zenye mota mbili za kuendesha gantri hupoteza pembe hii zikigongwa wakati zimezimwa, kwa hiyo iwe desturi kuipima.

Sasa jambo ambalo ningelisema hata kama usingeuliza. Hata ukipindua vizuri namna gani, panga kazi ili kupindua kusibebe kitu cha muziki. Kinachoamua kama nyuzi zitapita juu ya pikapu (hii ya gitaa inayonasa mtetemo wa nyuzi, siyo ya kubebea saruji) na kama noti zitalia sahihi shingo nzima ni uhusiano wa tundu la shingo, matundu ya skrubu za daraja na vyumba vya pikapu. Vyote hivyo vipo mbele. Vichonge katika kufunga kumoja, bila kuufungua ubao, bila kubadili sifuri. Hata matundu manne ya skrubu za shingo, ambazo huingilia nyuma, yaanzishe kwa biti nyembamba ukiwa ndani ya tundu la shingo, upande wa mbele, yatokee nyuma. Bamba la chuma la nyuma litafuata matundu. Ukifanya hivyo, kosa la kupindua la robo milimita linabaki kuwa kosa la sura, na sura ina dawa yake, msasa. Kosa la robo milimita kati ya shingo na daraja halina msasa.

Ndiyo sababu nasema uanze na nyuma. Uso wa mbele unakuja mwisho, na ukishamalizwa haulali tena juu ya MDF wala kuburuzwa, na kama mninga utakuwa umejipinda baada ya kutolewa nyama ya chumba cha springi, usawazishaji wa mbele utaufuta mpindo huo. Mimi huacha ubao ulale usiku mmoja baada ya kuchimba vyumba kwa ukali, nikabakiza milimita moja kwenye kuta, asubuhi namalizia. Mbao iliyotoka bohari ya Dar es Salaam na kuchongwa Dodoma, au kinyume chake, ipe siku zaidi.

Kuhusu ukingo: biti ikiwa na makali ya kutosha kupita unene wote, kata ukingo mzima kutoka upande mmoja, na hakutakuwa na mshono wa kuongelea. Nadhani biti yako ina makali ya milimita 25 hivi, kama za wengi wetu, kwa hiyo utakata nusu nyuma na nusu mbele. Fanya hivi: kutoka nyuma, kata umbo kamili hadi kina cha milimita 23. Kutoka mbele, liache umbo liwe kubwa kwa milimita 0.3 pande zote, na uache vishikizo vinne au vitano, vipana milimita 10 na vinene milimita 5, vinavyoishikilia bodi kwenye fremu ya mabaki ambayo pini zimeishika. Bodi ikitoka, kata vishikizo, kisha chukua ruta ya mkono (mashine ya kuchongea kingo) yenye biti ya beringi. Beringi itembee kwenye ukuta uliokatwa kutoka nyuma, makali yaondoe ile ziada ya mbele. Mshono unapotea, na huhitaji ustadi wowote zaidi ya mkono usiotetemeka.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usifungue skrubu. Ubao hauendi popote. Kilichopotea ni kumbukumbu ya mashine. Ikiwa una swichi za kurudi nyumbani (zinazoirudisha mashine mahali pake pa kuanzia), uwe umeandika thamani za sifuri yako ukutani, siyo kichwani. Ikiwa huna, toboa tangu mwanzo tundu la tatu la milimita 6 kwenye MDF, Y sifuri, nje kabisa ya ubao. Umeme ukirudi, funga kipande cha pini kwenye koleti, sogeza mdogo mdogo mpaka kitumbukie kwenye tundu hilo bila kulazimishwa. Hapo umerudi nyumbani. Niliwahi kupoteza bodi ya mkangazi kwa kuamini jicho langu badala ya kufanya hivi, na ile bodi sasa ni kigoda.

Gitaa lako la sasa usilitupe. Chumba cha tremolo kipanue kwa ruta kutoka nyuma, milimita mbili upande ule uliobana. Bamba la plastiki la nyuma litafunika yote. Kabla ya hapo weka chuma cha tremolo mahali pake na kiyumbishe kwa mkono uone kinagusa wapi hasa, ukate hapo tu. Ngazi ya ukingo iondoe kwa biti ya beringi ukianzia upande wenye umbo dogo, kisha zungushia kingo duara la nusu inchi kama Stratocaster inavyotaka. Duara hilo linakula milimita 12 na ushee kutoka kila uso, kwa hiyo katikati ya ukingo unabaki na ukanda wa milimita 19 hivi wa kusawazisha kwa mkono. Ila angalia kwanza kama shingo na daraja ulivichonga upande mmoja. Kama ndivyo, funga nyuzi.